Kuvua trauti kwenye maziwa ya juu ya Mlima Kenya

Mtu anayefika Ziwa Rutundu au Ziwa Ellis kwa mara ya kwanza hufanya kosa moja: huingia majini mpaka magotini, kisha hutupa mshipi mbali kadiri ya nguvu zake. Samaki aliokuja kuwatafuta walikuwa wakipita palepale aliposimama. Trauti wa ziwa la mlimani hula ukingoni, kwenye maji ya kina cha goti hadi kiuno, kwa sababu huko ndiko jua linakofika chini, majani yanakoota na wadudu wanakozaliana. Katikati ya ziwa kuna maji mengi na chakula kichache. Ukilishika hilo, mengine yote yaliyomo humu yatakuja kwa mazoezi.

Maziwa yanayotajwa zaidi na wavuvi ni matatu. Rutundu na Alice yako kaskazini-mashariki mwa mlima, jirani na kilele cha Ithanguni. Ellis liko upande wa mashariki, chini ya kilima cha Mugi, juu ya lango la Chogoria. Rutundu liko kama mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mengine mawili yako juu zaidi, karibu na mita 3,500. Mbinu za hapa zinafaa pia kwa bwawa lolote la milimani lenye trauti, maana maji ni ya aina moja: yamesimama, ni baridi, na hayana mkondo wa kumletea samaki chakula mdomoni kama mtoni.

Jambo moja kuhusu samaki wenyewe kabla ya vifaa. Trauti si mwenyeji wa Kenya. Trauti wa kahawia waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na kupandikizwa katika mto Gura, Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua walifuata miaka michache baadaye, na huyu wa pili ndiye utakayemkuta kwenye maziwa haya. Kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri kimekuwa kikizalisha vifaranga tangu 1948. Hii si historia ya kupamba maneno. Trauti hutaga kwenye changarawe yenye maji yanayotiririka, kwa hiyo ziwa lisilo na kijito kizuri cha kuingilia halijazi pengo la samaki waliotolewa. Linasubiri binadamu apandikize tena. Ziwa dogo linaweza kumalizwa na kundi moja la wageni wenye tamaa.

Vibali, msimu na hewa

Vibali ni viwili na kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Leseni ya kuvua trauti hutoka kwa idara ya uvuvi. Soma masharti ya leseni kabla ya kuondoka mjini: idadi ya samaki kwa siku, urefu wa chini unaoruhusiwa, na aina ya chambo. Njoo na nzi bandia tu, yaani ndoana zilizofungwa manyoya na nyuzi zifanane na wadudu. Minyoo na vipande vya nyama viache nyumbani, maana samaki humeza chambo cha namna hiyo mpaka tumboni, na samaki aliyemeza ndoana hawezi kurudishwa akaishi. Ukienda kwenye bwawa la maji ya kunywa badala ya ziwa la hifadhi, kuna mlango wa tatu wa kubisha: kampuni ya maji yenye bwawa hilo. Leseni ya samaki haikupi haki ya kupita kwenye uzio wake.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hugeuza njia ya gari kuwa tope jekundu, na hata gari la magurudumu manne hukwama. Wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, unaweza kuvua, lakini panga siku mbili za ziada kwa ajili ya mvua.

Usitoke Nairobi asubuhi ukitaka kutupa mshipi jioni ya siku hiyohiyo. Kwenye mita 3,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 70 ya lile la pwani. Lala usiku mmoja chini, Nanyuki au Chogoria kulingana na upande unaopandia, na ikiwezekana usiku wa pili karibu na lango. Kichwa kinachouma kidogo ni cha kawaida. Kichwa kinachouma na kutapika, kuyumba unapotembea au kupumua kwa shida ukiwa umekaa ni amri ya kushuka, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Nyati hufika hadi nyanda za juu, na tembo hupita msituni. Muulize askari wa lango wameonekana wapi wiki hiyo, na usitembee ukingoni kabla ya mwanga kutosha kuona hatua hamsini mbele.

Vifaa

Fimbo ya futi tisa (mita 2.7), namba 6. Namba hiyo inaeleza uzito wa mshipi ambao fimbo imetengenezwa kuubeba, na lazima ilingane na namba iliyoandikwa kwenye boksi la mshipi. Namba 5 inatosha asubuhi tulivu, lakini upepo ukianza haifui dafu. Namba 7 hukata upepo vizuri, ila itakuchosha bega.

Mshipi wa kwanza uwe wa kuelea. Ukiweza kununua wa pili, chukua ule unaozama polepole, ukae kwenye spuli ya akiba (spuli ni gurudumu la rili, kile kifaa cha kuviringishia mshipi kwenye fimbo). Nyuma ya mshipi funga angalau mita 50 za uzi wa akiba. Mara nyingi hutauhitaji, na siku utakayouhitaji hakuna mbadala.

Mbele ya mshipi kuna uzi wa nailoni unaochongoka, kutoka mnene hadi mwembamba, wenye urefu wa mita 3 hadi 3.6. Mwishoni mwake unga sentimita 60 za uzi wenye kipenyo cha milimita 0.18. Maji yakiwa shwari kama kioo, shuka hadi 0.15, ukifunga nzi mkubwa au ukivua karibu na majani mengi, panda hadi 0.20. Kabla ya kuanza, sugua uzi huu kwa tope laini la ukingoni. Tope huondoa mafuta ya mikono, na uzi usio na mafuta huzama. Uzi unaoelea hutupa kivuli kama kamba juu ya maji na samaki huuona uzi kabla ya kumwona nzi.

Nzi hawahitaji kuwa wengi. Watatu wa kila aina wanatosha kwa safari ya siku tatu:

- Woolly Bugger mweusi na wa kijani cha zeituni, namba 8 na 10
- Mrs Simpson, namba 8
- Kenya Bug, namba 10 na 12
- tunutu wa kereng'ende wa kijani, namba 10
- mabuu ya usubi, mekundu na meusi, namba 14

(Namba ya ndoana ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo.) Kama ungeruhusiwa mmoja tu, chukua Woolly Bugger mweusi namba 10. Akivutwa polepole hufanana na tunutu wa kereng'ende, akivutwa haraka hufanana na kitu kinachokimbia, na kwenye maji ya giza mweusi huonekana vizuri kuliko rangi zote.

Kwa kila ndoana, bana kijino chake kwa koleo dogo, yaani ule mwiba mdogo unaoangalia nyuma. Watu huogopa kwamba samaki atachomoka. Hachomoki mradi mshipi umekaza, na ndoana isiyo na kijino hutoka mdomoni mwa samaki kwa sekunde moja. Hutoka pia kwenye sikio lako.

Ongeza wavu wa mkono wenye matundu ya mpira (ule wa nyuzi zenye mafundo huparuza utelezi wa samaki), kikata kucha cha kukatia uzi, miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji, kipimajoto, gambuti, koti la mvua, sweta mbili za sufu na kofia pana. Jua la ikweta kwenye mwinuko huu huunguza ngozi hata siku ya mawingu. Suruali za mpira za kuingilia majini unaweza kuziacha. Ukingo una mashimo ya tope yaliyofunikwa na nyasi, maji yana baridi ya kukata pumzi, na kama ulivyokwisha kusoma, kuingia majini ni kuwafukuza samaki.

Mafundo mawili

La kufungia nzi: pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uache ncha ya sentimita 10. Zungusha ncha juu ya uzi mkuu mara tano. Irudishe ipite kwenye kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu, halafu ipite kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha kwa mate, vuta polepole mpaka mizunguko ilale sambamba, kata ukiacha milimita 2.

La kuunga uzi na uzi: laza nyuzi mbili sambamba zipishane kwa sentimita 15. Zishike kama uzi mmoja, piga fundo la kawaida, kisha pitisha tena kwenye kitanzi hichohicho mara ya pili na ya tatu. Lowesha, vuta ncha zote nne kwa pamoja.

Mate si mila ya wazee. Nailoni ikikazwa kavu hujisugua na kupata joto, na joto huila nguvu ya uzi palepale kwenye fundo. Samaki wengi wanaosimuliwa kuwa "walikata uzi kwa ukubwa wao" walikata fundo kavu. Jaribu kila fundo kwa kulivuta kwa nguvu ya mikono kabla ya kulitupa majini. Likikatika mkononi, shukuru.

Kuyasoma maji

Simama hatua kumi nyuma ya ukingo na utazame kwa robo saa bila kufungua begi. Huu ndio muda wenye faida kuliko wote wa siku.

Tafuta kwanza mstari wa rangi. Karibu na ukingo maji ni ya kahawia kwa sababu unaona chini. Mbele yake hugeuka ghafla kuwa meusi au kijani kizito. Hapo ndipo kina kinapoporomoka, na trauti huutumia mstari huo kama barabara: hutembea sambamba nao, huingia maji ya kina kifupi kula, hurudi kizani wakishtuka. Kisha tafuta majani ya majini, na hasa mianya katikati yake. Tafuta kijito kinachoingia; maji yake yana oksijeni zaidi na huleta wadudu wa nchi kavu. Kama kuna mawe makubwa yaliyozama nusu, upande wenye kivuli una mtu ndani yake.

Upepo nao unasema. Unapovuma kutoka ng'ambo kuja kwako, unasukuma chakula cha juu ya maji kuja upande wako, na samaki hukifuata. Wavuvi hukimbilia ukingo uliotulia kwa sababu ni rahisi kutupa, na huko ndiko samaki walikoondoka. Usiende kupigana na upepo uso kwa uso. Chagua mahali unapovuma kutoka ubavuni, upande wa mkono usioshika fimbo, ili nzi apite mbali na kichwa chako. Mahali pazuri kuliko pote ni mpaka kati ya maji yenye viwimbi na maji shwari.

Sasa tazama samaki wenyewe. Mduara mdogo unaotanuka taratibu ni samaki aliyenyonya mdudu juu ya maji. Ukiona pezi la mgongo na ncha ya mkia bila mdomo kutokeza, anakula sentimita chache chini ya uso. Hapo mabuu ya usubi ndiyo jibu. Mruko na kishindo ni samaki anayekimbiza kitu, mpe Woolly Bugger. Kwa miwani nzuri utamwona samaki mmoja akipita, akipotea, akirudi baada ya dakika kadhaa kwa njia ileile. Hesabu muda wake. Ukijua mzunguko wake, unaweza kumwekea nzi njiani kabla hajafika, na hakuna njia ya uhakika zaidi ya hiyo.

Kuhusu saa ya kuvua, mlima huu una tabia yake. Alfajiri huwa angavu yenye barafu kwenye nyasi, mawingu hupanda kati ya saa nne na saa sita, mvua hunyesha alasiri. Trauti hula vizuri maji yakiwa nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi. Chini ya hapo huwa wazito, kwa hiyo hakuna sababu ya kutetemeka ukingoni saa kumi na mbili. Mara nyingi ulaji huanza jua linapopiga maji ya kina kifupi kwa saa moja au mbili. Jua likiwa kali utosini, hushuka chini. Mawingu yakifunika, hurudi ukingoni, na hapa ndipo wageni wengi hufunga mizigo wakidhani siku imekwisha. Kaa. Kinachomaliza siku ni radi: fimbo ya kaboni inapitisha umeme, iweke chini na uondoke kwenye maji mara unaposikia ngurumo ya kwanza.

Kwenye mabwawa ya chini, yenye joto, pima maji kwanza. Yakifika nyuzi 20, acha kuvua. Maji ya joto yana oksijeni kidogo, na samaki aliyepigana humo hufa baada ya kuachiliwa, hata akiondoka akiogelea.

Kutupa mshipi

Mita 12 zinatosha. Anza na mita 6.

Vuta mshipi wote unaoutaka nje ya rili, ulale mbele yako. Inua fimbo taratibu ukiongeza kasi, isimamishe ghafla ikiwa imeinama kidogo tu nyuma ya bega, subiri mshipi ujinyooshe nyuma, kisha isukume mbele na kuisimamisha tena ghafla. Makosa mawili huzaa mengine yote. La kwanza ni kuilaza fimbo nyuma mpaka mshipi unagusa nyasi. La pili ni kutosubiri: mshipi haujanyooka, mkono umeshaanza kurudi, na unasikia mlio kama wa mjeledi. Mlio huo ni nzi wako akikatika. Geuza kichwa utazame mshipi nyuma mpaka mkono uzoee muda wake.

Vichaka vikiwa mgongoni, acha kutupa kwa juu. Buruta mshipi juu ya maji taratibu mpaka fimbo isimame kando ya sikio na mshipi uning'inie nyuma ya kiwiko kama tumbo la tanga, tulia kidogo, kisha piga fimbo mbele na chini kwa mkupuo mmoja. Mshipi utajiviringisha juu ya maji na kujifungua mbele. Huhitaji nafasi kubwa nyuma.

Mpangilio: tupa kwanza sambamba na ukingo, upande wa kushoto, mita 6. Kisha elekeza mbele kidogo, na kidogo tena, kama vidole vya mkono uliotanuliwa, mpaka ufikie ukingo wa kulia. Ongeza mita 3, rudia. Baada ya hapo sogea hatua kumi, kwa kuinama, bila kupiga mguu chini. Ardhi ya tope hupeleka kishindo majini, na samaki husikia mwili mzima. Ukimwona samaki anayetembea, weka nzi mita 2 hadi 3 mbele yake, kamwe usimwangushie kichwani.

Kuzamisha na kuvuta

Nzi akitua, usivute. Elekeza ncha ya fimbo chini, karibu na maji, na uhesabu. Hesabu hadi kumi, kisha vuta. Usipopata kitu, mrusho unaofuata hesabu hadi ishirini, kisha thelathini. Ukinasa majani, punguza tano: sasa nzi anapita juu kidogo ya majani, palepale panapotakiwa. Ukipata samaki, kumbuka hesabu yake na uirudie. Wenzake wako kwenye kina hichohicho.

Mshipi uvutwe kwa mkono wa kushoto kupitia chini ya kidole cha shahada cha mkono wa fimbo. Kwa Woolly Bugger, vuta sentimita 10, tulia, vuta tena. Kwa tunutu, kunja mshipi kiganjani kidogokidogo, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Kwa mabuu ya usubi, karibu usivute kabisa. Acha upepo uusogeze mshipi, wewe ondoa ulegevu tu. Ukidhani unavuta polepole, punguza nusu. Katika maji baridi wadudu hawakimbii, na samaki hatumii nguvu kumfukuza mdudu asiye wa kawaida.

Wengi huuma nzi akiwa ametulia, au anapoanza kupanda karibu na miguu yako. Ndiyo maana kila mrusho umalizie kwa kuinua fimbo taratibu, na kusimama sekunde tatu kabla ya kumtoa nzi majini.

Akiuma

Dalili inaweza kuwa mvuto mkali, au mshipi kusimama tu, au kusogea pembeni kidogo. Kwa yote matatu, vuta mshipi kwa mkono wa kushoto kwanza, ndipo uinue fimbo. Ukiinua fimbo pekee kwa nguvu, unamnyang'anya nzi, au unakata uzi.

Shika fimbo juu, ikiwa imepinda, mshipi umekaza wakati wote. Akikimbia, mwache, legeza vidole, breki ya rili iwe nyepesi kiasi kwamba unaweza kuvuta mshipi kwa vidole viwili bila shida. Akiruka, shusha ncha ya fimbo mara moja ili mshipi ulegee akiwa hewani, maana uzito wake ukiangukia mshipi uliokaza, uzi hukatika. Akielekea majani, laza fimbo upande wa pili na umvute kwa ubavu. Samaki hugeuzwa kwa ubavu, si kwa juu. Usimchoshe mpaka azimie. Wavu uwe tayari ndani ya maji, umetulia, na umlete samaki juu yake, kichwa kwanza. Kumfuata na wavu ni kumwonyesha njia ya kutoka.

Ukipoteza samaki watatu mfululizo, simama ukague. Ncha ya ndoana ikiwa haikwaruzi ukucha, imekuwa butu; inoe au badilisha. Pitisha uzi kati ya vidole ukitafuta fundo dogo lililojifunga kwa upepo. Fundo la namna hiyo hupunguza nguvu ya uzi karibu nusu. Ndoana ikiwa imenyooka, breki ilikuwa imekazwa mno.

Kumrudisha au kumla

Amua kabla hajatoka majini. Wa kurudishwa abaki ndani ya wavu, ndani ya maji. Lowesha mikono, geuza ndoana itoke ilivyoingia. Picha, kama ni lazima, isizidi sekunde kumi nje ya maji; usiingize kidole kwenye matamvua, usimbane tumbo. Mshike wima akitazama maji yenye viwimbi mpaka aondoke mwenyewe. Kumsukuma mbele na nyuma hakumsaidii, maji yakiingia matamvua kwa nyuma humletea taabu zaidi.

Wa kuliwa auawe mara moja kwa rungu dogo, pigo moja juu ya macho, kisha mkate matamvua damu itoke. Akiachwa kutapatapa kwenye nyasi nyama huwa laini. Pasua kutoka tundu la haja hadi chini ya taya, toa utumbo, na kwa ukucha wa dole gumba ondoa ule mstari wa damu nyeusi ulioshikamana na uti wa mgongo. Mstari huo ukibaki, samaki ananuka kabla ya jioni. Fungua tumbo lake kwenye kifuniko chenye maji kidogo utazame alichokula: konokono, mabuu mekundu, mende wa maji. Hilo ndilo litakalokuambia nzi wa kufunga mchana. Utumbo usiutupe ziwani wala karibu na hema. Funga kwenye mfuko, shuka nao.

Magamba ya trauti ni madogo mno, hayahitaji kuparuliwa. Samaki wa gramu 300, chumvi, ndimu, mafuta kidogo: dakika sita kila upande kwenye kikaangio, mpaka nyama ya mgongoni iachane na mfupa. Pika kwa jiko la gesi. Nyasi na vichaka vya nyanda hizi huwaka vikiwa vinaonekana vibichi, na moto ukiingia kwenye udongo wa mboji hauzimwi kwa sufuria ya maji. Kumbuka pia kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi huku juu. Samaki wa kukaanga hajali, lakini wali unataka muda zaidi na maharagwe yapikwe nyumbani kabisa.

Ukirudi, osha gambuti, wavu na mshipi kwa maji safi, uvianike mpaka vikauke kabisa kabla ya kwenda ziwa jingine. Mbegu za majani, mayai ya konokono na magonjwa ya samaki husafiri kwenye unyevu wa kifaa kilichofungwa kikiwa kibichi. Mshipi uufute kwa kitambaa chenye unyevu na uuache umelegea kwenye rili. Ukihifadhiwa umekazwa, safari ijayo utatoka umejikunja kama springi na hautanyooka majini.